Marahaba Niliyoitoa Bila Kuinua Macho

Newala, Jumamosi, Januari 10. Mvua tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu.

Shajara yangu, mgongo unaniuma na viganja vimetoka malengelenge, na safari hii korosho haihusiki.

Mapipa yamejaa. Mabeseni niliyoyapanga chini ya bati yamejaa, na sufuria kubwa la sherehe nimelitoa nje nalo likajaa. Mtu wa Newala hawezi kutulia akiona maji yanamwagika bure uani kwake, lazima atafute chombo kingine. Baba Daudi kaniambia nitoe na kikombe cha chai. Nimemwambia akitoe mwenyewe, mimi leo sinyanyui kitu tena.

Nimekaa barazani, miguu kwenye maji ya chumvi, simu mkononi. Nataka kuiandika wiki hii ya kwanza ya kazi kabla sijaanza kujipamba, maana najijua. Nikiiacha hadi kesho baada ya ibada nitakuwa nimeshajitafutia visingizio.

Siku ya mwaka mpya niliandika hapa hapa mtandaoni kwamba huu ni mwaka wangu wa kupanda ngazi. Leo asubuhi nimeisoma tena ile habari nikaona haya. Nilijisifu kama mgombea. Dada yangu wa Chiwata akaandika chini yake, "Hongera bosi," nami badala ya kumkanya nikamrudishia makopakopa.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha korosho hapa mjini. Usifikirie king'ora na moshi mkubwa. Ni jengo refu la bati, lina chumba cha kuchemshia, chumba cha kubangulia, tanuri, halafu chumba cha kumenyea, ambako wanawake ndiko tuliko wengi. Korosho ikitoka kwenye tanuri inakuwa bado imevaa ngozi nyembamba ya kahawia. Kazi ya chumba chetu ni kuivua ile ngozi bila kuiumiza korosho. Ikitoka nzima na nyeupe, meneja anatabasamu. Ikivunjika inaitwa kipande, na hakuna anayetabasamu.

Mimi nilianzia hapo, na nilikuwa mzito kuliko wote.

Chumba chetu kina taratibu zake ambazo hazijabandikwa ukutani, na sidhani kama meneja anazijua vizuri hadi leo. Mtu mpya anaitwa mwali, hata awe na wajukuu. Anakalishwa ubavuni kwa mmoja wa wakongwe, na huyo ndiye kungwi wake. Mwali hapeleki sinia lake kwenye mizani mpaka kungwi alipitishie mkono. Mwali haongei sana, anasikiliza na kutazama vidole vya mwenzake. Siku kungwi akisema huyu ameiva, saa ya chai anatolewa: vigelegele, nyimbo, unga wa muhogo kichwani, naye anatembea na sinia lake hadi kwenye mizani, taratibu, kama mtu anayetoka unyagoni kweli. Mimi, binti wa mwinjilisti wa Kianglikana, nilitolewa hivyo na akina mama wa misikitini na wa makanisani kwa pamoja, unga hadi ndani ya masikio, nikalia kwa furaha. Nilipofika nyumbani mwanangu Daudi alinikimbia.

Kungwi wangu ni Mama Somoe. Kwao ni Mnyambe. Siku za kazi anakaa kwa mdogo wake hapa mjini, Ijumaa jioni anarudi kwenye shamba lake. Ni mfupi, sauti nene, na ulimi anao. Nilipokuwa mwali wake aliniita Mkono wa Mchi, kwa jinsi nilivyokuwa nazivunja korosho kama natwanga kisamvu. Lakini hakuniacha. Alikuwa anashika kidole changu gumba na kukizungusha juu ya korosho: usiibane, iviringishe, itajivua yenyewe. Kazi yote niliyonayo leo ilianzia kwenye kile kidole.

Baada ya kumenya nikahamishiwa kwenye kuchambua madaraja. Baada ya kuchambua nikapelekwa kwenye tanuri, ambako nilijifunza kunusa korosho iliyokauka na inayokaribia kuungua. Miaka minne, hatua moja moja, wala sikuwa na haraka. Kisha Desemba meneja akaniita, akaniambia Januari nitasimamia chumba cha kumenyea kwa majaribio. Alitaka badiliko moja la haraka: tuache kukaa duara kwenye mikeka, tukae kwenye meza, kwa mistari, kila mtu na sinia lake, ili ijulikane vipande vinatoka kwa nani.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda na mlinzi wa getini tukazipanga meza. Niliwafikiria wakongwe kwanza, hili naomba liandikwe upande wangu. Niliwaweka mstari wa dirishani kwenye mwanga mzuri. Wali, wale wapya wa kazi, nikawaweka mstari wa nyuma, karibu na ukuta. Nilisimama mlangoni nikautazama ule unyoofu wa meza, nikapiga picha. Nilikuwa nimepanga kuiweka hapa.

Jumatatu nilifika kabla ya wote, nimevaa sketi yangu ya kanisani na kofia ya kazi. Kila asubuhi kila mtu anapimiwa korosho zake za kumenya kabla hajaketi, kwa hiyo nikasimama mlangoni na mizani. Meneja akaja akasimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Mtu akikusimamia hivyo unaweza kusahau hata jina lako. Mshale wa mizani ulikuwa unachezacheza, na macho yangu yote yalikuwa kwenye ule mshale.

Wasichana wakaanza kupita. Shikamoo. Marahaba, pita. Shikamoo. Marahaba, mstari wa nyuma. Namimina korosho, natazama mshale, anayefuata.

Halafu sauti ikasema, "Shikamoo, mama msimamizi."

Nikasema, "Marahaba. Pita, mstari wa dirishani."

Mdomo ulikuwa umeshamaliza ndipo masikio yakafika. Nikainua macho, nikakuta mgongo tu, umefungwa kitenge kipya cha kijani. Mama Somoe alikuwa anakwenda zake dirishani na sinia lake.

Mama Somoe ni rika la mama yangu mzazi. Mimi ndiye wa kumwamkia. Nikimkuta sokoni namwamkia, nikimpigia simu namwamkia kabla sijasema ni nani. Yeye kuniamkia mimi lilikuwa jambo la ajabu tayari, na mimi kuitikia kama naitikia watoto wa shule, bila hata kumtazama, sijui niliite nini. Mama yangu angekuwepo angetafuta fimbo, na umri wangu huu.

Wote waliokwisha kuketi walimgeukia yeye, kisha wakanigeukia mimi.

Sasa niseme lile ambalo hata Baba Daudi sijamwambia. Kwa kitambo kidogo, kabla sijaitambua ile sauti, "mama msimamizi" ilinipendeza. Iliniingia vizuri, kama chai ya moto asubuhi ya ukungu. Ndiyo maana niliitikia upesi vile.

Ningeweza kumfuata pale pale. Lakini meneja alikuwa nyuma yangu na foleni ilikuwa mbele yangu, nikajiambia nitamfuata saa ya chai. Hadi saa ya chai inafika, nilikuwa nimeshapata hasira. Nilijiambia amenitega. Nilijiambia mwanamke mzima huwezi kumwamkia mtoto wako mbele za watu kama hutaki kumuumbua, kwamba hicho kilikuwa kijembe, kwamba ananionea wivu. Unaona jinsi ninavyojua kujitetea.

Chai tunanywa uani, kila mtu na kigoda chake. Changu kina mguu mmoja mfupi na siku zote hukaa kati ya kigoda cha Mama Somoe na ukuta. Jumatatu hakikuwepo. "Msimamizi ana kiti ofisini," mmoja wao alinieleza, kwa adabu kabisa, wala hakucheka. Ofisini kuna kiti cha meneja tu. Nilikunywa chai yangu nimesimama karibu na mizani.

Hawakunigomea, na hilo ndilo gumu kulieleza. Nikiagiza jambo linafanyika. Ndiyo, msimamizi. Sawa, msimamizi. Jina langu la Mama Daudi lilipotea kabisa mle ndani. Nyimbo hazikuimbwa, utani haukupigwa, umbea wa sikukuu ambao nilikuwa nausubiri kwa hamu sikuupata. Zilisikika korosho tu zikidondoka kwenye masinia.

Na kila asubuhi tangu Jumanne nilimwahi Mama Somoe mlangoni. "Shikamoo, Mama Somoe." Naye alinijibu, "Salama."

Salama! Kama nimemuuliza habari za mtu mwingine. Wiki nzima sikupata marahaba yake.

Vipande navyo vikazidi. Masinia ya mstari wa nyuma yalikuja yamejaa vipande na chenga hadi nikawa naogopa kuyamimina kwenye mizani. Niliamini wananifanyia makusudi. Alhamisi meneja akaniita. Ni mtu mpole, hapandishi sauti, na upole wake ulinitisha zaidi. "Mama Daudi, mimi nakuamini," alisema, "ila chumba kimepoa na vipande vimezidi. Mwezi ukiisha hivi hivi itabidi nilete msimamizi kutoka Masasi. Wewe utarudi kwenye tanuri, na hakuna ubaya."

Hakuna ubaya. Niliyarudia maneno hayo njia nzima hadi nyumbani. Kurudi kwenye tanuri si aibu, nilifanya kazi pale na nilipenda. Lakini ningerudi kwenye tanuri nikiwa sina cheo na sina kigoda. Hilo ndilo lililoninyima hamu ya kula.

Jioni ile nilimsimulia Baba Daudi yote. Alisikiliza hadi mwisho, akasimama, akakunja mikono kifuani, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama msimamizi. Chakula kipo?"

Nilimrushia mwiko. Nikacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, ndipo akakaa na kuacha mzaha. Aliniuliza jambo moja tu, kama nilishamuuliza Mama Somoe kwa nini aliniamkia. Sikuwa nimemuuliza. Siku zote hizo nilikuwa nimejijibia mwenyewe.

Basi leo nikachukua sukari na mche wa sabuni, nikavaa kanga mbili na koti la mvua, nikapanda bodaboda kwenda Mnyambe. Penye tope dereva alinishusha nitembee, kisha akaningojea mbele akipiga mluzi. Mikorosho imeoshwa pande zote za njia, na mabibo ya mwisho ya msimu yalikuwa yananuka chini yake. Kila nilipokaribia nilijikuta naomba Mama Somoe awe amesafiri.

Hakuwa amesafiri. Alikuwa kwenye palizi ya mahindi, katikati ya mikorosho michanga, na mabuti ya mpira miguuni.

"Shikamoo, Mama Somoe."

Hakuitikia. Alitazama mfuko wa sukari. "Nani kajifungua?"

"Hakuna, mama."

"Nani kafariki?"

"Hakuna."

"Basi uweke kwenye kisiki pale usilowe. Jembe lile."

Nikachukua jembe. Kwa aibu nilijitafutia tuta la mbali kabisa, pembeni mwa shamba, nikaanza kulima kwa nguvu zote ili aone kwamba najuta. Sikufika mbali. Miaka ya kukaa kwenye korosho imenilegeza, jembe likawa linakwenda linakotaka, na magugu na mahindi ya Mama Somoe yakawa yanalala pamoja.

"We mama! Huko peke yako utanimalizia mahindi. Njoo ubavuni hapa."

Nikaenda ubavuni. Alinitazama nikipiga jembe, akasonya. "Usichimbe. Hatuziki mtu. Paruza juu juu, jani litatoka lenyewe." Nikaparuza. Yeye tuta lake, mimi langu, bega kwa bega, manyunyu yanatudondokea. Kila nilipokosea aliligonga jembe langu kwa jembe lake, tunaendelea.

Ni pale, katikati ya lile tuta, nilipoukumbuka mstari wangu wa nyuma.

Wale wali wapya niliwaweka peke yao. Makungwi wao niliwapeleka dirishani kwenye mwanga, na wali nikawabandika ukutani, kila mmoja na sinia lake na woga wake. Hakuna wa kuwashika kidole gumba. Hakuna wa kuwapitishia mkono kabla ya mizani. Na mimi wiki nzima nazitazama korosho zao zilizovunjika na kusema wananikomoa. Hakuna aliyenikomoa. Walikuwa wanatwanga kama nilivyotwanga mimi, na mimi ndiye niliyewaondolea mtu wa kuwaambia.

Niliona aibu hadi masikio yakapata moto kwenye ile baridi.

Nikamuuliza. "Mama, Jumatatu uliniamkia kwa nini?"

Alimaliza tuta lake kwanza. Sikuweza kumharakisha. Alipofika mwisho akasimamisha jembe, akaegemea mpini.

"Wale wasichana tangu Desemba wanasema, huyu juzi tu alimwagiwa unga kichwani hapa, leo atatuambia nini? Na wa rika langu wanasema hivyo hivyo, tena kwa kujificha. Nangu, mie huyu, nikasema, basi nianze. Mie nikimwamkia mbele yao, nani atabaki kakaza shingo?"

Nilimwambia nilidhani ananipiga kijembe.

"Ningetaka kukusema si ningekusema? Umesahau Mkono wa Mchi?"

Nikamwomba radhi kwa kuitikia ile marahaba. Akanishangaa, akashangaa kweli.

"Ala! Nikuamkie halafu uninyamazie? Kuitikia ni haki yako, cheo unacho. Mie nilitaka uinue uso, mwanangu, tuonane basi. Nimetoka nyumbani nimejiandaa, nimefunga kitenge sijakivaa hata Idi, nasema leo nampa mwanangu heshima mbele ya watu. Nafika mlangoni, nampa, napata utosi wa kofia."

Hapo mwishoni akajifanya anakohoa. Sikuwahi kumwona Mama Somoe ameumia. Nilidhani amekasirika, na hasira zake nimezizoea. Kumbe wiki nzima alikuwa anamenya korosho zake nzima nzima, nyeupe, na ndani ameumia, kwa sababu alichukua heshima yake ya miaka yote akaniazima mbele ya watu, na mimi nikaipokea kama napokea sinia.

Nilipiga magoti. Sikupanga, miguu ilikwenda yenyewe. Nilitaka kusema mengi, nikasema nisamehe tu, mama.

"Inuka, unakandamiza kunde."

Nikainuka. Kweli nilikuwa nimezikalia kunde.

Tukaendelea na palizi hadi tuta la mwisho, na maongezi yakaanza kurudi kidogo kidogo. Nilimwambia Jumatatu nitaziondoa meza na kurudisha mikeka, nikidhani nitamfurahisha. Akanikatalia. Alisema mwanga wa dirishani anaupenda, na mgongo wake umepona tangu aanze kukaa kwenye benchi, na kwamba kwa upande wa meza meneja kapatia. "Mistari ibaki. Ila mwali asikae peke yake. Muweke ubavuni kwa mtu." Na mimi nipunguze kuwabwekea watu "pita, pita," si mnadani pale.

Kisha akanisimulia umbea wote wa sikukuu. Huo sitauandika hapa.

Alinilisha ugali wa muhogo na kisamvu, akanifungia kunde za kuja nazo nyumbani, na sukari akaipokea bila kushukuru, kama inavyotakiwa. Ila bado nilikuwa na kitu rohoni. Tangu nimefika hakuwa ameitikia salamu yangu. Tumelima, tumekula, tumecheka, na ile shikamoo yangu ilikuwa bado ipo pale shambani imesimama. Sikuthubutu kuirudia. Nilijiambia ana haki ya kukaa nayo anavyotaka.

Dereva alipokuja kunichukua na kupiga honi, Mama Somoe alinisindikiza hadi njiani. Nilishapanda, nimeshika mfuko wa kunde mapajani, pikipiki imeshawashwa. Akamwashiria dereva asubiri. Akafuta mikono yake kwenye kitenge, kiganja kwa kiganja, akanisogelea na kunitazama usoni, sawasawa, hadi nikajisikia nataka kukwepa macho. Sikukwepa.

"Marahaba, Mama Daudi," alisema.

Nimelia njia nzima, na mvua ilinisaidia kwa dereva.

Sasa jioni imeingia na manyunyu yanaisha. Nafikiria ile habari niliyoiandika siku ya mwaka mpya, ya kupanda ngazi. Sitaifuta. Naiacha ikae juu ya hii ili nikijisahau niisome. Niliandika kana kwamba ngazi ilikuwa yangu na miguu ilikuwa yangu tu. Kumbe kila nilipopanda, kutoka kwenye kumenya hadi kuchambua, kutoka kuchambua hadi tanuri, kulikuwa na mtu amenishikilia, na mara nyingi sikugeuka kumtazama. Jumatatu ilikuwa mara ya kwanza mmoja wao kuniambia kwamba inauma.

Sijui kama nitabaki na hiki cheo. Mwezi haujaisha, na wali hawawezi kuiva ndani ya wiki chache kwa sababu mimi nimejuta. Jumatatu nitamweleza meneja kwamba mistari inabaki lakini kila mwali anahamia ubavuni kwa kungwi wake, na kwamba vipande vitapungua polepole, si kwa siku moja. Huenda akakubali. Huenda akasema anampigia simu yule mtu wa Masasi. Nikirudi kwenye tanuri nitarudi, lakini saa ya chai nitakwenda uani kutafuta kigoda changu, na nadhani nitakikuta.

Mizani nimeshaamua nitampa mtu mwingine aishike. Mimi nitasimama mlangoni mikono mitupu. Watakapokuwa wanaingia nitamtazama kila mmoja, na nikikiona kile kitenge cha kijani kinakuja nitamwahi kwa sauti, chumba chote kisikie, kabla hajafungua kinywa.

Ila namjua. Huenda akaniwahi yeye. Basi nitaitikia, uso juu.